Kulia Mbele ya Simu

Jumatatu, 7 Julai

Nimerekodi video mbili kabla ya chai. Ya kwanza kuhusu wageni wanaomaliza ardhi yetu. Ya pili ni ileile, shati tofauti. Kwenye ya pili nimepiga meza. Watu wanapenda nikipiga meza.

Miaka yote ya muvi, nikicheza shemeji mbaya, hakuna aliyenisikiliza. Kazi zilipokauka nikarudi Ifakara kwa mama. Sasa nikisema bonde lina wenyewe na waliohamia warudi kwao, nasikilizwa mpaka Dar. Sokoni bado wananiita Shemeji. Nachukia.

Nikizima simu sisikii chochote. Si hasira, si furaha. Chai imepoa.

Jumatano, 9 Julai

Yule jamaa wa Dar mwenye ukurasa kama wangu kapiga. Anasema maneno yamezoeleka, watu wanataka kuona kwa macho.

Nikapanda bodaboda mpaka kijiji cha Mbingu, kwenye shamba la marehemu baba. Mpunga tulishavuna. Ng'ombe wa mzee Masanja walikuwa ndani wakila mabua, kama kila mwaka baada ya mavuno. Baba ndiye aliyewakaribisha. Wao wanashiba, shamba linabaki na samadi. Baba alipofariki mwaka jana, mama hakubadilisha kitu. Masanja ni Msukuma, alihamia na mifugo yake nikiwa shule ya msingi. Kaburi la baba alichimba yeye na wanawe.

Nikaegemeza simu kwenye kichuguu. Nikapiga magoti. Nikasema wafugaji wamemaliza mpunga wa mama yangu mjane. Nikalia. Machozi yalikuja mara moja, kazi sijaisahau.

Mtu wa mjini hawezi kutofautisha mabua na mpunga. Nililijua hilo.

Ijumaa, 11 Julai

Imesambaa kuliko chochote nilichowahi kuigiza. Wengine wanalia pamoja nami. Wengine wanaandika watakachowafanya Wasukuma wa Mbingu. Wote nimewawekea alama ya moyo. Mazoea tu.

Mama hana simu ya video, ila mwenzake wa jumuiya kamwonyesha. Akaniuliza ni mpunga gani huo ulioliwa. Nikasema ni igizo. Akaniambia nifute leo leo, kabla watu hawajamfuata mzee wa watu. Nikasema nitafuta.

Sijafuta. Kila nikiishika simu naangalia kwanza imefika wapi.

Jumapili, 13 Julai

Jana watu wameingia kwenye zizi la Masanja na mapanga. Ng'ombe wamekatwa miguu, imebidi wachinjwe palepale. Mwanawe Kulwa alijaribu kuzuia. Wamemkata mkono.

Mama alizipata habari baada ya misa. Hakupita nyumbani. Alikwenda hospitali na kitenge chake cha kanisani.

Nimefuta video. Haisaidii, ipo kila mahali. Kulwa na mimi tulikuwa tunaogelea pamoja, yeye na pacha wake wakinicheka kwa uoga wangu wa maji. Nikakaa kitandani nikisubiri niumie. Nikajaribu hata ile njia ya kazini, kufikiria jambo la huzuni mpaka machozi yaje. Hayakuja. Nikasikia njaa, nikala wali wa jana.

Jumanne, 15 Julai

Jamaa wa Dar kapiga tena. Kanipongeza. Nikamwambia aliyekatwa namfahamu tangu utotoni. Akasema tusichanganye mambo, wananchi wamechoka. Anataka nipande jukwaani mwezi ujao nikiwa na skafu ya bendera. Sikukubali. Sikukataa pia. Mimi ni mtu wa hovyo, naliandika hapa ili angalau liwe limesemwa mahali.

Polisi wameshika vijana wawili wa hapahapa. Mimi sijaitwa.

Mama anapika cha kupeleka hospitali. Changu anakiacha mezani kimefunikwa na haongei nami. Leo ndiyo kasema: "Nenda kwa Masanja. Usiende na hiyo simu."

Jumapili, 20 Julai

Nimekwenda. Simu nimeiacha nyumbani.

Njiani niliandaa maneno, na uso wa kuyasemea. Nikamkuta peke yake, anaziba zizi kwa matawi ya miiba. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba. Siku zote hunianza kwa utani, leo hakutania. Nikasema pole. Nikasema yote haya chanzo ni mimi. Akasema anajua, watu wamemweleza. Kulwa anaendelea vizuri, ila vidole viwili havikunji.

Maneno niliyoandaa yakaishia hapo.

Kisha akaniuliza, bila ukali, kama siku ile shambani nilikuwa nalia kweli. Kumbe aliniona. Alikuwa ng'ambo ya shamba na ng'ombe wake, sauti haikumfikia.

Nikasema hapana, mzee.

Akakata kamba.

"Mimi nilidhani umemkumbuka baba yako," akasema. "Nikawazuia watoto wasikusogelee. Nikasema mwacheni amlilie mzee wake."

Baba nilimzika mwaka jana na watu wakanisifu nilivyojikaza. Sikuwa nimejikaza. Sijawahi kumlilia, wala sijawahi kujiuliza kwa nini. Pale kwa Masanja nilitaka sana kulia. Macho yalibaki makavu.

Akarudi kwenye miiba yake. Hakuniambia niondoke, hakuniambia nibaki. Nikamshikia matawi, yeye akafunga. Tulipomaliza upande mmoja nikaaga, nikaenda barabarani kutafuta bodaboda.