Kivuli Katika Jicho la Kulia

Jumanne, 4 Machi 2025
Nimerudi Kitengela kutoka kliniki ya macho, Kajiado. Retina, ule utando wa nyuma ya jicho, ilikuwa imechanika mahali pawili katika jicho la kulia. Daktari Namalwa amepagandisha kwa kichuma cha baridi kali ili pashikane. Ganzi ilishika, lakini ile baridi niliisikia mpaka kwa meno. Jicho limevimba kama la bondia. Amesema nikiona kivuli nirudi siku hiyo hiyo.

Alhamisi, 6 Machi
Uvimbe umepungua. Vidoti vyeusi bado vinaelea mbele ya jicho. Gichuru, mwenye lori, amepiga simu — mzigo wa Magadi uko tayari, anataka dereva wake. Nimemwambia Jumatatu niko sawa. Mke wangu Kaluki amesikia. Amezima jiko akatoka nje.

Jumamosi, 8 Machi
Kuna kitu upande wa chini. Cheusi, kama maji machafu yanapanda ukutani. Nimenawa uso. Bado kiko. Pengine ni ile dawa ya matone niliyopewa kliniki. Kaluki sitamwambia leo.

Jumapili, 9 Machi
Kanisani nimefunika jicho zuri nikamwangalia Kaluki akiimba. Hana kidevu. Macho naona, pua naona, mdomo nusu. Chini hakuna mtu.

"Mbona unaniangalia hivyo?"

Nikamwambia. Hakungoja baraka ya mwisho. Tulimpigia daktari tukiwa nje ya geti. Akauliza kivuli kilianza lini. Nikasema jana. Akasema kesho asubuhi mapema tuwe Kajiado, na nisile kitu.

Jumatatu, 10 Machi
Kliniki. Retina imebanduka. Daktari anasema si kosa la kugandisha, ni mchaniko mpya, juu ya ile ya kwanza. Mimi sijui. Jumanne nilikuja hapa nikiona vizuri. Katikati bado imeshika, inaweza kuokolewa, kwa hivyo upasuaji ni leo leo, Nairobi.

Halafu akapima la kushoto. Akarudia. Huko pia kuna tundu. Anataka kuligandisha sasa hivi, kabla hatujaondoka.

La kushoto! Ndilo ninaloandikia haya.

Nesi Priscilla amesimama na matone ya ganzi. Nimemwomba nimalize kuandika kwanza. Kaluki ameinama karibu na kiti.

"Baba Mwende, na hili likibanduka?"

"Na wakiliharibu?"

Ameshika goti langu tu. Nje dereva wa ambulensi amewasha gari.

Niliyokuwa nayo ya kuandika yameisha kitambo. Bado naandika.