Kitwitwi wa Bandari ya Matope

Ijumaa, Mfungo Nne. Kivukoni, Mto Kagera.

Ukungu leo umechelewa kutoka mtoni. Nimeswali alfajiri, nikajifunga kanga mbili na shuka juu yake, nikateremka bandarini kuangalia ndege wangu kama kawaida. Hata jua lilipochomoza bado sikuiona ng'ambo. Baridi ya huku Karagwe huuma masikio, lakini moyo wangu ni mweupe. Nimeamka mke wa mtu, na nitalala mke wa mtu yule yule. Leo hilo si jambo dogo.

Nieleze vizuri, nisije nikasoma haya uzeeni nikajishangaa.

Bandari ninayoisema ni matope. Ni pale mitumbwi inapofungwa, chini ya duka letu, mahali mafunjo yamefyekwa na ng'ombe wamekanyaga mpaka pamekuwa laini. Tulipohama Nkwenda kuja kufungua duka la nguo na chumvi hapa kivukoni, mimi ndiye niliyepaita bandari. Watu wakacheka, na aliyecheka kuliko wote ni mume wangu, Athumani. Sisi sote wawili ni wa Pangani, na mtu wa Pangani humwambii kuhusu bandari.

Nacheka nao, lakini kila asubuhi niko pale. Naketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, nawatazama. Mnandi anakausha mbawa zake. Mdiria anajitupa majini, anatoka na dagaa. Yangeyange wanatembea nyuma ya ng'ombe na miguu yao myembamba, na kilichonifurahisha tangu zamani ni kwamba Wanyambo, wenyeji wa huku, nao huwaita enyange. Niliposikia neno hilo mara ya kwanza nilihisi kama nimekutana na jirani wa kwetu njiani. Miezi hii pia kuna wageni. Mbayuwayu wamejaa hewani, na korongo wanashuka makundi makundi malishoni. Masika yakikaribia wote huondoka, wala sijui huenda wapi.

Sasa nirudi kwenye kiapo.

Athumani anataka kurudi Pangani. Hana wimbo mwingine. Akila ni Pangani, akipima nguo ni Pangani, akikohoa ni Pangani. Ati siku hizi safari ni nyepesi, unapanda meli Bukoba, unavuka ziwa, unapanda gari la moshi, unafika pwani miguu haina hata vumbi. Mimi sitaki. Binti yetu Mwanaasha ameolewa Kihanga na ana mtoto mchanga ambaye bado sijamshiba. Duka linakwenda. Halafu kule kuna mawifi zangu, na mimi mawifi zangu nawapenda wakiwa mbali.

Masika yaliyopita tuligombana sana juu ya jambo hilo. Nikamwambia unataka bandari ya nini, na bandari unayo hapo chini? Akawaka. Akasema, bandari gani haina hata kitwitwi? Maana kule kwetu, kaskazi ikianza kuvuma tu, vitwitwi hujaa ufukweni, wadogo, wanakimbia na maji kama wanaocheza nayo. Hakuna bandari isiyo nao. Nikamwambia watakuja hata hapa. Basi mwanamume akasimama, akapiga kifua, akaapa.

"Kitwitwi akionekana kwenye matope yako hayo, na mimi nikataja tena safari ya Pangani, umeachika!"

Niliingia ndani. Si kwa hasira, kwa hofu. Athumani alishaniacha mara mbili tangu tuoane. Mara ya kwanza ni kwa ajili ya samaki aliyeungua, mara ya pili ni kwa ajili ya dada yake. Mara zote mbili alinirejea eda haijaisha, akilia. Kwa hiyo imebaki talaka moja, na hiyo ikitoka hairudishiki. Nitakuwa mtu baki kwake na yeye mtu baki kwangu, hata tukilia machozi ya damu.

Yeye alikwisha kusahau jioni ile ile. Kesho yake akaendelea na Pangani yake. Mimi nikaendelea na ndege wangu, nikijiambia kitwitwi ni wa bahari, hawezi kufika huku.

Leo amefika.

Ukungu ulipoanza kupasuka nikasikia sauti nyembamba, twi-twi-twi, na moyo ukaniruka kabla macho hayajaona kitu. Nikamwona ukingoni, kahawia mgongoni, mweupe tumboni, anatembea huku anatikisa mkia kama mtu anayekubali kila anachoambiwa. Kitwitwi mwenyewe! Nilikuwa msichana tena, nimesimama Pangani, kanga imelowa maji ya chumvi. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Halafu nikakumbuka kiapo. Kicheko kikakatika.

Wakati huo Kokugonza, mke wa mvushaji wetu, alikuwa anashuka na kikapu chake, anatafuna punje za kahawa.

"Shikamoo mama. Umeona nini leo?"

"Marahaba. Nimeona mgeni. Tazama kale kadogo."

"Hako? Si mgeni, mama. Hako kanyonyi kanakuja kila mwaka, senene wakiisha, ila jioni jioni. Kwani wewe hukukaona?"

Senene wamekwisha zamani, wa mwisho tumewakaanga tukawala na kuwasahau. Kama kitwitwi ameonekana tangu wakati ule, hata kama ni kwa macho ya Kokugonza, na Athumani ameitaja Pangani jana, na juzi, na kila siku Mungu aliyoileta, basi mimi ni mtalaka siku nyingi. Nimekuwa nikimpikia matoke mwanamume asiye wangu!

Nikapandisha kilima. Sijui nilipandaje, ila Kokugonza alinifuata mbio akidhani nimeumwa na nyoka.

Athumani alikuwa mlangoni na bakuli la uji. Akasikia hatua zangu, akageuza uso.

"Ni wewe, Mama Mwanaasha? Usiku nimeota niko Pa—"

Nilimziba mdomo kwa kiganja. Uji wote ukamwagikia kanzu.

Nikamwambia yote huku nimemshika mdomo. Bandari, kitwitwi, senene, Kokugonza. Nilipomwachia akaanza kujipangusa uji, akarudia pale pale alipokwisha kupangusa. Kumbe hata yeye kiapo kilikuwa bado kimo ndani.

Mwishowe akasema nitulie. Alisema kiapo hufuata nia ya mwapaji, na nia yake siku ile ilikuwa yeye amwone huyo ndege, kwa macho yake mwenyewe, macho ya Kokugonza hayamo. Sheikh wa kumuuliza yuko Bukoba, mbali huko. Nilimwamini papo hapo, kwa sababu nilitaka sana kumwamini.

Hapo ningenyamaza, mambo yangekwisha. Lakini mimi nami nikishika jambo siliachi. Hofu ilipotoka, ubishi ukarudi. Bandari yangu ina kitwitwi, na mtu huyu miezi yote ananicheka! Nikamwambia, haya, twende ukamwone sasa hivi kwa hayo macho yako, tuone kama utaniimbia tena wimbo wako.

Akasema magoti yanamuuma. Nikasema nitakushika. Akasema ana wateja. Mlangoni hapakuwa na hata kuku. Nikamshika mkono nikamteremsha, Kokugonza nyuma yetu na kikapu chake, akicheka chinichini kwa vituko vya wazee wa pwani.

Kitwitwi alikuwa bado yupo. Tena alikuwa amepanda juu ya ukingo wa mtumbwi, karibu kabisa, anatikisa mkia. Hata asiyetaka angemwona.

"Yule pale. Umemwona?"

"Sioni ndege."

"Usijifanye, Baba Mwanaasha! Juu ya mtumbwi pale!"

Kokugonza naye akaonyesha kwa kidole. Athumani alikuwa amegeuzia uso upande mwingine kidogo, upande ambao hapakuwa na kitu.

"Mama Mwanaasha," akasema polepole, "hata huo mtumbwi siuoni."

Kicheko cha Kokugonza kilikoma. Aliweka kikapu begani akaondoka zake kwa adabu, Mungu ambariki.

Athumani akaniambia. Ni mtoto wa jicho, kwanza jicho moja, sasa yote mawili. Mchana anaona mwanga na vivuli, jioni hata hivyo hapana. Nguo anazipima kwa mkono na kuzijua kwa kuzipapasa. Mteja akitaka rangi, humwambia achague mwenyewe. Mimi nilikuwa namwita mvivu kwa kutoshuka mtoni, na yeye alinyamaza akaubeba uvivu huo usio wake.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliogopa nitamhurumia.

"Ndiyo maana nikakuganda na Pangani," akasema. "Pale najua kila kichochoro. Nitafika msikitini nimefumba macho. Huku nikitoka nje ya mlango sijui nimesimama wapi. Lakini usihofu. Kiapo hakitatimia, maana mimi huyo ndege wako sitamwona milele. Uko salama, na mimi nitaendelea kukusumbua."

Alijaribu kucheka. Mimi nilikuwa nalia tayari, wala sikujificha, na sikuwa na haja ya kujificha.

Ndipo kitwitwi akaruka kutoka mtumbwini, akapita chini chini juu ya maji mbele yetu, akilia twi-twi-twi, twi-twi-twi.

Athumani akashtuka. Akageuka kufuata ile sauti, na safari hii uso wake ulimfuata ndege barabara, kutoka mtumbwini mpaka kwenye mafunjo, bila kukosea. Sijauona uso wake ukiwa hivyo tangu ujana.

"Ndiye," akasema. "Wallahi ndiye."

"Hujamwona," nikamwambia upesi. Nilitaka kumpa mlango wa kutokea.

"Nimemwona. Mimi sasa naona kwa haya." Akashika masikio yake. "Siichezei hiyo moja iliyobaki, Mama Mwanaasha. Bandari yako ni bandari."

Akaomba nimrudishe nyumbani.

Tangu hapo hajalitaja jina la mji ule. Mchana kutwa! Mtu aliyekuwa akilitaja hata akipenga kamasi. Nimemsikia mara kadhaa likimfika kooni, anakohoa, anameza. Alasiri alikuja mnunuzi wa ngozi kutoka Rugera, akamuuliza kwa heshima, mzee kwenu hasa ni wapi? Kujibu hivyo si kutaja safari, hata mtoto anajua, lakini mume wangu amepania asikaribie hata kivuli cha neno. Akasema, "Kwetu ni... kule. Kule chini. Kuna mto." Mnunuzi akanitazama mimi kama anauliza huyu mzee mzima kweli?

"Pangani," nikamjibu mimi. "Ni mtu wa Pangani."

Nilimwona Athumani anafumba macho. Akatabasamu, kama mtu aliyeonjeshwa halua.

Nimelifikiria tabasamu hilo tangu alasiri. Nimelifikiria nikimenya ndizi, nimelifikiria nikifua kanzu yenye uji. Nina furaha, nisijidanganye kuwa sina. Mwanamume huyu angeweza kushikilia kwamba macho yake hayakumwona ndege akabaki huru, na mimi nisingekuwa na la kumjibu. Badala yake ameutupa mji wake mtoni ili asinipoteze. Sijawahi kupewa kitu kikubwa hivyo na mtu yeyote. Mawifi zangu wangeyasikia haya wangepasuka.

Na nimeshinda. Nitabaki na bandari yangu, na mjukuu wangu wa Kihanga, na ndege wangu. Hakuna atakayenisumbua tena.

Nyumba imekuwa kimya mno.

Sasa hivi ameketi mlangoni, amegeuzia uso chini kwenye mto, anasikiliza. Magharibi inaingia. Ndege mmoja mmoja anapolia huniuliza yule ni nani, nami namwambia. Mnandi. Mdiria. Wale ni enyange wanarudi kulala. Anarudia majina yao kimya kimya. Kesho nitamshika mkono nimteremshe tena, na kesho kutwa, mpaka miguu yake iijue njia ya hapa kama inavyovijua vichochoro vya kule.

Lakini kuna jambo moja limenijia nikiandika, na limenikalia. Kiapo kilimfunga mdomo yeye. Mimi hakikunifunga. Sasa mtu pekee ndani ya nyumba hii anayeweza kuitaja safari ile bila kuvunja kitu ni mimi, niliyekuwa naikataa.

Mjukuu atakuwa amekua kidogo masika yakikaribia. Vitwitwi nao watakuwa wanaondoka.

Kesho, tukishaketi juu ya mtumbwi, je, nitakuwa na moyo wa kumuuliza: Baba Mwanaasha, tunarudi lini Pangani?