Bwana Nusu

2 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila goti limegoma kabisa. Ngazi za humu ndani siku hizi nazishuka kwa makalio, ungeniona ungecheka. Wewe na mkeo hamjambo?

Nimeamua kuuza nyumba nihamie kwa binti yangu, kwake hakuna ngazi. Dalali kaniletea mnunuzi anayetoa nusu ya bei. Nusu! Hajakanyaga hata kizingiti, lakini anasema nyumba imechoka. Eti mjini wanamwita Bwana Nusu. Wewe unanunua nyumba na kupangisha, mambo haya unayajua. Je, unamfahamu mtu huyo? Nimjibu nini?

Shangazi yako

9 Machi (haikutumwa)

Shangazi, shikamoo.

Bwana Nusu ni mimi. Dalali huniletea nyumba nyingi, nami huchagua zile anazosema wenye nyumba wana haraka ya kuuza. Natoa nusu bila kuziona na kusema zimechoka. Wengi hunitukana, mmoja hukubali. Nakuapia sikujua kuwa hii ni yako. Lakini nilipojua, kabla sijaona haya nilipiga hesabu ya kodi. Nyumba ulimonilea mama alipofariki! Najichukia, shangazi, na sijui nitakutazamaje

9 Machi

Shangazi, shikamoo.

Sisi hatujambo. Pole sana na goti, usilidharau.

Huyo mtu simfahamu. Wanunuzi wa namna hiyo ni wengi, usimkasirikie, ni biashara tu. Mwambie aongeze. Naamini ataongeza.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, goti ndilo lenye jambo.

Ameongeza kweli, tena upesi, utadhani mlikaa naye mkazungumza. Dalali haamini macho yake. Anasema mtu huyu hajawahi kuongeza hata senti. Bado haijafika bei yangu, ila inakaribia. Kabla sijamjibu, huna la kuniambia? Lolote lile, mwanangu. Mimi ni shangazi yako.

Shangazi yako

26 Machi

Shangazi, shikamoo.

Sina la zaidi. Kubali tu, bei hiyo si mbaya. Siku ya kuhama nitakuja nikusaidie kubeba vyombo.

Mwanao

11 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Nimeshahama, vyombo wamebeba majirani. Goti linashukuru.

Nyumba nimemuuzia mpangaji wangu, yule fundi cherehani, kwa nusu ile ile ya kwanza. Alikuja mwenyewe, akaketi, akaikoroga chai mpaka ikapoa. Kisha akasema, "Mama, naona haya, lakini nilicho nacho ni hiki tu." Nikamwambia achukue.

Jina lako dalali alinitajia siku ya kwanza. Yule hana siri. Ndipo nikakuandikia, nikangoja. Hasira ya bei haikulala nami hata usiku mmoja, maana damu nzito kuliko maji, na najua biashara ina mdomo mchafu. Kilichoniuma ni lile neno "simfahamu". 

Ningekupa, mwanangu. Ungesema tu, "Shangazi, ni mimi," ningekupa kwa nusu hiyo hiyo na nisingeiona hasara.

Shangazi yako