Kahawa Nyuma ya Migomba

Jumanne, Rwamishenye

Si Ruge. Najua si Ruge, na bado sijasema.

Mama aliniachia kahawa niichunge, imeanikwa mbele ya nyumba, kando ya barabara. Ng'ambo kuna kijiwe cha bodaboda, na Ruge haachi utani. "Shemeji, hiyo kahawa ikikauka tunaoana!" Wenzake wakacheka. Masikio yaliniwaka kwa aibu. Nikaburuta turubai lote hadi nyuma ya migomba, nikaingia ndani kusoma.

Niliporudi, karibu nusu haipo.

Baba anasema mwizi ni Ruge, yule mhuni aliyekuwa akiikodolea macho tangu asubuhi. Kesho anampeleka kwa mwenyekiti wa mtaa. Mama alijaribu kumbembeleza: "Waitu, mwenzangu, umemwona akichukua?" Baba akaingia chumbani kulala.

Mwalimu wa uraia alitufundisha kwamba tamaa peke yake haimtoshi mwizi, anahitaji na mahali pasipo na macho ya watu. Nikaandika vizuri kwenye daftari. Leo mahali hapo nimemtengenezea mwenyewe. Kule mbele, wale wahuni ndio walikuwa walinzi wangu.

Na Ruge hakutoka kijiweni. Nilimsikia muda wote, sauti yake ndiyo iliyonizuia kusoma.

Nikisema, baba atauliza kwa nini niliihamisha, na itabidi nitamke lile neno la kuoana. Mbele ya baba! Nisiposema...

Nimegonga mlango wa chumba cha baba na mama, nikarudi kukaa hapa. Nasikia baba anatafuta kandambili.