Salaam Nikiwa kwa Mguu Mmoja

Isiolo,
11 Agosti 1985

Kwa dada yangu mpendwa Luul,

Salaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta wewe, watoto na Hooyo mkiwa wazima hapo Kulamawe, na kwamba goti la Hooyo linamwacha alale. Mimi ni mzima kama ngamia aliyetoka kisimani. Tena ujue unaandikiwa na mtu mwenye bahati kuliko wote mji huu: nimeshinda. Mimi Jama, niliyeachana na shule darasa la nne, ndiye nitakayekwenda Nairobi kuonyesha mazoezi ya Kichina mbele ya wakubwa, na Hooyo mama yetu atakaa kando yangu kwa gari, akatibiwe goti na daktari wa Kichina anayetibu kwa sindano kama nilivyokuahidi.

Lakini nina hasira, abaayo, dada yangu, na nisipoimwaga kwa karatasi nitapasuka.

Wale Wachina wanaochimba visima Gotu, ninaowaendeshea lori, kila asubuhi kabla ya kazi hufanya mazoezi polepole, kama watu wanaotembea ndani ya maji. Mkubwa wao, Mwalimu Liu, ametundika ukutani picha ishirini na nne. Anasema Uchina nzima inafuata hizo hizo, vijana kwa mashindano, wazee kwa afya. Ukiongeza yako, kosa. Ukisimama katikati, kosa. Mimi niliyefika Moyale, Mombasa na Kampala nilizishika zote kwa mwezi mmoja. Kuna moja ya kumfukuza nyani. Kinya, mpishi wetu kutoka Meru, ambaye naye alikuwa akijifunza, alinicheka, akasema kwa mwendo huo nyani wa shamba la baba yake wangenikalia kichwani. Nikamwambia angoje mashindano ya kuchagua wa kwenda Nairobi.

Yalikuwa jana. Mshindi ni mmoja, na anaruhusiwa kubeba mgonjwa mmoja wa kwao. Nilianza vizuri mpaka watu wakasogea karibu. Picha ya kumi na sita unasimama kwa mguu mmoja kama jogoo. Hapo ndipo Mzee Guleid, aliyekuwa jeshini na marehemu baba, akaingia na fimbo yake, akasimama mbele yangu, akanitolea salaam kwa jina la baba.

Niambie wewe, ningefanya nini? Ngamia wake wote waliisha kiangazi cha mwaka jana, na tangu hapo alijifungia, hata msikitini haonekani. Siku anayotoka anakusalimu, wewe umwangalie kama mti? Niliteremsha mguu, nikaitikia, nikamshika mkono, nikamuuliza habari za nyumbani mpaka ya mwisho, nikamtafutia kiti. Halafu nikarudi, nikainua mguu ule ule, nikaendelea. Nini kiliharibika?

Mwalimu Liu alikuwa ameshaniandikia kosa. Margaret, karani anayetutafsiria, alisema sheria hairuhusu kusimama wala kuongea. Nikamwambia amuulize Mwalimu hiyo ni afya gani inayomfanya mtu awe bubu kwa mzee wake, na kama huko Uchina hakuna anayemjua mwenzake. Margaret alikataa kutafsiri hiyo, akasema yeye bado anaitaka kazi yake. Kaburu, fundi wa mashine, akaongeza kwamba ningempungia tu mkono. Kumpungia. Kama mtu aliye ng'ambo ya barabara.

Kilichoniuma zaidi ni mzee mwenyewe. Alipoelezwa alichofanya, aliinuka akaniomba radhi mbele ya watu wote, mzee wa ndevu nyeupe. Sikuvumilia. Nilimwambia asijali, hakuna kilichoharibika, nimeshinda. Uso wake ukafunguka, Luul. Aliondoka akiwatangazia watu njia nzima kwamba mtoto wa rafiki yake anakwenda Nairobi, na mimi nikaona neno hilo ni tamu, nikalala nalo, nikaamka nalo, nikakuanzia nalo barua.

Wasalimie watoto wote, na majirani wanaoniulizia. Mwambie Hooyo nitakuja mwisho wa mwezi, nimfundishe mwenyewe zile picha ambazo mtu anaweza kufanya akiwa amekaa. Na Mzee Guleid akifika huko na habari zake, mwachie hivyo hivyo.

Wewe lakini usimpandishe Hooyo gari la kuja huku Alhamisi kama tulivyopanga. Sikushinda. Nilikuwa wa mwisho. Anakwenda Kinya na shangazi yake.

Ni mimi ndugu yako,
Jama