Baba wa Ildiko

Saint-Gilles, Brussels, Juni 1996

Mwanangu Zaituni,

Amani ya Mola iwe nawe na bibi yako hapo Buyenzi. Mimi mzima, alhamdulillahi. Wanasema ni kiangazi, lakini mvua haijaisha.

Jirani yangu Ildiko, yule Mhungaria anayecheza mpira wa mikono katika klabu ya hapa, amerudi kwao. Kila Jumapili alikuwa akilia kwenye simu ya pale mlangoni: "Baba, baba." Bon, nikadhani kafiwa na baba yake. Nikapika chai ya tangawizi, nikamwendea. "Pole, mwanangu. Baba yako amepumzika."

Akanishangaa. "Baba yangu mzima, maman. Yuko mtoni anavua samaki."

Kumbe kwa lugha yao baba ni mtoto mchanga. Ildiko alimwacha wake kwa mama yake mzazi ili aje kucheza huku, na sasa mtoto anatembea, na bibi ndiye anayemwita mama.

Klabu ilimtaka abaki msimu mwingine, akakataa. "Mipira ya kufunga ipo tu," aliniambia. "Huyu ananisahau."

Nilimsindikiza Gare du Midi. Akiwa mlangoni mwa treni akauliza, "Na wako, maman, ana miaka mingapi?"

Nikamjibu, "Sita."

Treni ilikwisha kuondoka nilipokumbuka kwamba sita ni ile niliyokuacha nayo, na sasa una tisa.

Nisamehe, mwanangu. Makaratasi yangu bado hayajatoka. Nitumie picha ya sasa hivi, umesimama, nione kimo chako.

Anayekuombea kila sala,
mama yako Hidaya