Delia wa Rasi

Rietkuil, Ijumaa, 7 Mei 1858

Dada yangu Aletta,

Sisi hatujambo. Mvua imenyesha, na ng'ombe wako mwekundu amezaa. Mchungaji alinipa daftari la ubatizo nilinakili upya, kwa kuwa panya wamelila.

Jana, nikinakili, nilifikia jina la bibi yetu mzaa mama. Mama alituambia kwamba bibi alizaliwa Rotterdam, Uholanzi. Daftari linasema: "Delia wa Rasi." Unajua ni nani walioitwa hivyo: watumwa waliozaliwa huku kwetu, katika koloni la Rasi.

Hester, mke wangu, alisoma nyuma ya bega langu.

"Mzee, wino si umwagike tu hapo? Nani atakuuliza?"

"Wino wa makusudi haumwagiki. Humwagwa."

"Haya, mwalimu. Na Jumapili utaketi wapi?"

Mwaka jana, katika baraza la wazee wa kanisa, niliinua mkono ili watu wa damu hiyo washiriki Meza ya Bwana peke yao, baada yetu.

Nimelinakili jina kama lilivyo, na mchungaji amelipokea daftari. Usiniandikie kunisihi nilifute. Jumapili nitasimama nje mpaka wenzangu watoke, ndipo nitakapoingia.

Kaka yako,
Barend Olwagen